Kaseti za gereji: shajara ya kuokoa muziki wa bendi yetu, Tabora

Februari

Kazi imeanza. Lengo ni kuzihamishia kwenye kompyuta kaseti zote za mazoezi ya bendi yetu, kuzisafisha kadiri zitakavyokubali, na kuandika kando ya kila wimbo nani alipiga nini. Studio hatukuwahi kuingia. Enzi zile bendi iliyotaka kurekodi ilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam. Sisi tulikuwa vijana wa Tabora, tunapiga muziki ndani ya gereji ya magari pale Ng'ambo, mafundi wakishanawa mikono na kwenda zao. Kilichobaki ni hizi kaseti.

Wenzangu nitawataja kwa vyombo vyao, kama tulivyokuwa tukiitana: Solo, Ridhim, Besi, Drams. Mimi ni Tumba, na wapo watu sokoni mpaka leo wananiita hivyo. Besi ametangulia mbele ya haki. Solo yuko Dar, Drams yuko Mwanza. Ridhim hakuna anayejua alipo kwa hakika. Mara ya mwisho alisikika Kigoma.

Mji huu una heshima yake kwenye dansi. Kiko Kids walitoka hapa, Nyanyembe Jazz walitoka hapa, na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Tulikua tukiwasikia wakubwa wakizitaja bendi hizo kwa sauti ya watu wanaotaja ndugu zao. Tena bendi nyingi za nchi hii zilipiga kwa vyombo vya klabu, chama au taasisi, na mpigaji akihama gitaa linabaki. Sisi taasisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na Mzee mwenye gereji, aliyesema tupige mpaka saa mbili usiku na tusiguse spana zake.

Mzee hayupo tena, lakini kaseti alizitunza. Nilikwenda kwa mjane wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nilijua siku moja mtazifuata."

Akatoa sanduku la bati uvunguni, kaseti zikiwa zimefungwa kwa kitambaa pamoja na kadi za magari ya zamani. Alinipa zote kwa sharti moja: kama humo ndani kuna sauti ya mumewe, aisikie yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Machi

Mwezi mzima ni wa bisibisi na pamba. Sijacheza kaseti hata moja, na nashauri yeyote mwenye kaseti za zamani nyumbani afanye hivyo hivyo: usiitumbukize kwenye deki kwa pupa ya kusikia.

Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 tu, na hupita mbele ya hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Nyuma yake, kwenye tundu la katikati, kuna kipande kidogo cha sponji kilichobebwa na bati laini. Kazi yake ni kuubana utepe uguse hedi sawasawa. Gundi ya kipande hicho hukauka kwa miaka, kikadondoka, na ukicheza kaseti hiyo unasikia sauti iliyofifia, inakuja na kuondoka. Mtu anadhani muziki umekufa, kumbe utepe hauna shida yoyote. Kwenye kaseti zetu nyingi sponji zilikuwa zimedondoka.

Zile zenye skrubu tano unazifungua bila tabu. Zilizogandishwa kiwandani unapitisha kisu chembamba kwenye ungio, taratibu, halafu unauhamisha utepe na magurudumu yake mawili kwenye ganda jingine lenye skrubu. Nimenunua kaseti za mahubiri sokoni kwa ajili ya maganda tu. Mbili zina ukungu mweupe ukingoni mwa utepe; hizo nimeziweka kando, zisije zikachafua hedi.

Deki nayo ilihitaji matibabu. Mkanda wake wa raba ulikuwa umelegea na kunata, na mkanda ukilegea mwendo unayumba. Fundi redio mmoja karibu na soko amenipatia mwingine. Hedi nimeisafisha kwa spiriti na pamba. Kisha kuna skrubu ndogo pembeni mwa hedi inayoiweka wima. Kila redio kaseti ilirekodi kwa mlalo wake kidogo, kwa hiyo kila kaseti inataka skrubu hiyo izungushwe upya, kwa kusikiliza, mpaka matoazi yang'ae. Ukishalijua hilo hutakubali tena kusikia mtu akisema kaseti za zamani zina sauti nzito.

Aprili

Sauti zimetoka. Nilisimama, nikatembea chumbani, nikarudi kukaa.

Ila zilikuwa juu mno. Solo anaimba kama mtoto wa darasa la pili, na nyimbo zote zinakimbia. Swali likawa: nizishushe kwa kiasi gani? Gitaa halisaidii kujibu, maana hatukuwa na kifaa cha kutuni. Tulimfuata Solo, na Solo alifuata sikio lake la siku hiyo. Kumbukumbu ndiyo kabisa. Kila mtu anaukumbuka mwendo wa wimbo kwa jinsi moyo wake ulivyokuwa ukidunda.

Jibu lilikuwa chini ya muziki. Gereji ilikuwa na soketi moja, na soketi hiyo ilikuwa ya amplifaya. Amplifaya yenyewe aliiunda fundi redio ndani ya sanduku la mninga, nayo ilivuma. Tulikuwa tukiulaani ule mvumo. Sasa ndio shahidi wangu, kwa sababu umeme wa Tanzania una Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo hufuata umeme, haumfuati mwanamuziki. Redio kaseti kwa upande wake ilikuwa ya betri, kwa kuwa soketi ilishachukuliwa. Betri zikichoka, mota inapunguza mwendo wakati wa kurekodi. Ukija kuicheza kwenye deki yenye mwendo sahihi, kila kitu kinapanda, pamoja na mvumo.

Nikafungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikachukua sekunde chache kabla ya wimbo kuanza, nikatazama picha ya masafa. Kilima kilitakiwa kukaa kwenye 50. Kimekaa kwenye 53. Tofauti hiyo ni nusu toni kamili: asilimia 6 juu. Nikashusha mwendo kwa asilimia 5.66, maana 50 gawanya kwa 53 ni 0.943, na Solo akarudi kuwa kijana wa miaka kumi na saba. Nilimtambua kwa pumzi anazovuta kabla ya kiitikio.

Umeme wa enzi zile nao uliyumba, najua, lakini hauyumbi kwa asilimia 6. Kazi ngumu ni kwamba betri zinakufa polepole: mwanzo wa upande mmoja wa kaseti mvumo uko 51, mwisho wake umefika 53. Kwa hiyo nasahihisha kipande kwa kipande. Ni kazi ya subira na naipenda.

Mei

Sauti ya Mzee imepatikana.

Iko mwisho wa upande wa pili wa kaseti isiyo na maandishi. Wimbo umeisha, redio imesahaulika ikirekodi, na mafundi wawili waliochelewa wanabishana kuhusu Kamerun na Uingereza kwenye Kombe la Dunia. Mmoja anasema Roger Milla angeanzishwa tangu mwanzo. Mwingine anasema waamuzi. Ndipo Mzee anaingia, sauti nzito, karibu kabisa na redio: "Penalti mbili! Mtu umeongoza mbili kwa moja, unapewa penalti mbili!" Halafu kimya kidogo, halafu: "Haya pigeni, taa nazima saa mbili."

Mechi hiyo ilichezwa Naples tarehe 1 Julai 1990, na Uingereza ikashinda 3 kwa 2 katika muda wa nyongeza. Tanzania Bara haikuwa na televisheni; vituo vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo ubishi wote ule, penalti na kila kitu, ulitoka redioni, na watu walikuwa bado wana hasira nayo. Kaseti hii basi ni ya siku za mwanzo za Julai 1990, na ni ya kwanza kupata tarehe yake.

Nilimpelekea mama kwenye simu, nikamvalisha spika za masikioni. Aliisikiliza mara ya kwanza bila kusema neno. Mara ya pili alicheka pale kwenye penalti. "Ndiye huyo. Alituwekea redio chakula kikapoa." Ameomba nimwekee kwenye memori kadi ya redio yake ndogo, ile anayosikilizia taarifa ya habari, na nimeweka kipande hicho peke yake, bila muziki wetu. Sharti limetimia, naendelea na wengine.

Juni

Hapa ndipo mradi umebadilika, na naandika kwa kirefu kwa sababu hili ndilo ninalotaka libaki hata kama kaseti zitapotea.

Ukimuuliza mtu yeyote wa umri wetu hapa Tabora kuhusu bendi ile, atakutajia Solo. Alikuwa na gitaa la kwaya lililoazimwa, alisoma sekondari, alipiga kwenye mahafali, wasichana walilijua jina lake. Ridhim alikuwa spanaboi wa gereji. Shule aliishia darasa la saba. Siku za mahafali hakuingia ukumbini mpaka alipoitwa kubeba spika. Gitaa lake lilikuwa galatoni, gitaa lisilo la umeme, lenye ufa, ndani yake kimegandishwa kifaa cha masikio cha simu mbovu kushika mtetemo. Nyuzi mbili nyembamba alizitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli: ule waya umesokotwa kwa nyuzi nyingi ndogo, unaufumua, unauchagua mmoja ulionyooka, unaufunga. Mikono yake ilikuwa na grisi saa zote.

Nasikiliza kaseti baada ya kaseti, na anayeishika bendi ni yeye.

Nimelipinga wazo hili kadiri nilivyoweza. Kwanza, redio ilikaa juu ya meza ya fundi, karibu na alipokaa yeye, kwa hiyo lazima asikike kwa nguvu. Pili, redio kaseti zile zilijipangia kiwango cha sauti zenyewe: Drams akipiga teke, ile ngoma kubwa ya mguu, redio inaibana sauti yote kwa ghafla, kisha inaiachia polepole. Solo anayepiga pamoja na teke anamezwa. Ridhim anayepiga katikati ya teke na teke anaibuka mlango unapofunguka. Kwa hiyo ukubwa wa sauti yake naweza kuudai ni wa mashine.

Lakini muda si wa mashine. Nimepima nafasi kati ya pigo na pigo, kwenye vipande vilivyokwishasahihishwa. Drams anakimbia kila tunapoingia kwenye chemko, sehemu ya wimbo inayochangamka. Mimi namfuata, nasikika vizuri nikimfuata. Ridhim hakimbii. Anarudia kile kipande chake kifupi kilekile, nje kidogo ya pigo, na baada ya muda mfupi wote tunamrudia. Solo anaporuka na kupotea, anatua juu ya Ridhim.

Na kuna ushahidi mmoja ambao sina la kuuongeza. Katikati ya wimbo mrefu kwenye kaseti ya tatu, Ridhim ananyamaza. Sababu haisikiki, kuna kelele ya chuma kwa mbali, basi. Kwa muda mfupi sisi wengine tunaendelea. Kisha Drams anaanza kuvuta, tumba zangu zinakwenda naye, Besi anabaki nyuma, Solo anapiga noti ndefu akitusubiri. Wimbo unafunguka vipande. Hakuna anayesimama, wala hakuna anayejua afanye nini. Mpaka galatoni linarudi, kidogo, kama mtu anayebisha hodi, na ndani ya mizunguko michache kila mmoja yuko mahali pake.

Nimekisikiliza kipande hicho usiku mzima. Lazima apatikane.

Julai

Kidogo tu mwezi huu. Kaseti moja yote ni mvua juu ya mabati. Drams anataka niiondoe mvua kwa programu. Inawezekana kwa sehemu: unaipa programu mfano wa kelele peke yake, nayo inaipunguza kwingine kote. Lakini mvua ya mabati imeenea kwenye masafa yote, chini hadi juu, na ukiiondoa unachomoa pia matoazi na mikwaruzo ya nyuzi. Nimejaribu, muziki ukawa wa majini. Inabaki na mvua yake. Tulikuwa tukipiga ndani ya mvua ile.

Agosti

Ridhim yuko Kigoma, anatengeneza injini za boti Kibirizi. Fundi mwenzake wa zamani ndiye aliyenipa namba. Nilipopiga, kabla sijajitambulisha alisema, "Tumba! Sauti hiyo siisahau." Akaniambia nije mwezi ukiwa mpevu. Wavuvi wa dagaa huko huvua usiku wa giza kwa taa zinazovuta samaki; mbalamwezi ikitawala, taa hazifui dafu, na boti zinapandishwa ufukweni. Siku hizo injini zote zinafunguliwa, kazi ni nyingi, lakini yeye yupo.

Nilipanda treni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na tangu hapo familia za miji hii miwili zimeingiliana. Baba yake Ridhim mwenyewe alikuja Tabora kwa kazi ya reli. Urambo, Kaliua, Uvinza, kisha ziwa.

Nilimkuta ameinama juu ya injini, grisi mpaka kwenye viwiko. Tulikula migebuka na ugali, tukasimulia ya Besi na ya Mzee. Kisha nikampa spika za masikioni na kile kipande cha kaseti ya tatu. Nilitazama mkono wake wa kushoto. Vidole vilikuwa vikibana nyuzi ambazo hazipo, juu ya goti. Galatoni lilipopotea vidole viliinuka, vikakaa hewani, halafu vikashuka sawia na liliporudi. Miaka hii yote.

"Geti," alisema. "Lori la tumbaku lilikuja, Mzee akaniita nifungue. Nikamfungulia, nikamwekea dereva tofali nyuma ya tairi, nikarudi."

Nikamwambia kilichotupata alipokuwa getini. Akarudisha nyuma akasikiliza tena, safari hii akitusikiliza sisi. Akatikisa kichwa. "Mlikuwa mnanitafuta," akasema.

Nikamuuliza alijifunza wapi kukaa nje ya pigo namna ile. Kuna mzee mmoja aliyewahi kupigia bendi za Tabora miaka ya 1970, alikuwa akileta pikipiki yake gereji. Kila pikipiki ilipotengenezwa, alimlipa spanaboi kwa somo. Somo la kwanza lilikuwa: sikiliza solo anapovuta pumzi, jaza hapo, na anapozungumza wewe nong'ona. Somo la pili: usimtazame mpiga drams. Mimi nilikaa naye bega kwa bega jioni ngapi, na habari hizi sikuwa nazo. Nimezirekodi zote kwa simu, pamoja na kelele za ufukweni, na zimeingia kwenye mradi kama faili za kwanza zisizotoka kwenye kaseti.

Septemba

Hali ilivyo. Kaseti zote isipokuwa zile mbili za ukungu zimehamishwa. Kila upande una faili ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya biti 24, Hz 48,000, kama ulivyotoka kwenye deki bila kuguswa. Pembeni yake ipo nakala iliyosahihishwa mwendo, na ya tatu ndogo ya MP3 ya kutumiana kwenye simu. Ile isiyoguswa hairuhusiwi kubadilishwa na mtu yeyote, mimi nikiwemo. Atakayekuja na masikio bora au programu bora aanzie hapo. Nakala ziko kwenye kompyuta yangu, kwenye diski ya nje nyumbani kwa mama, na kwa Solo huko Dar.

Karatasi ya maelezo imechukua muda kuliko nilivyotarajia. Kwenye kila wimbo majina kamili yameandikwa, na la Ridhim liko juu. Solo aliliona akapiga simu. Hakupenda. Aliuliza kwa nini gitaa lake limeshushwa, nikamweleza kwamba kaseti ni ya chaneli moja, hakuna cha kushusha wala kupandisha. Alivyosikika ndivyo redio ilivyomsikia. Akasema basi mpangilio wa majina ufuate ukumbi ulivyokuwa. Nikamtumia kipande cha geti, bila maelezo.

Alikaa siku kadhaa bila kujibu. Juzi ametuma ujumbe wa sauti mfupi akiomba namba ya Kigoma. Ridhim ananiambia walizungumza mpaka salio likaisha, na sehemu kubwa walikuwa wakibishana kuhusu ufunguo wa wimbo wa mvua: Solo anasema ni G, Ridhim anasema walishuka mpaka F kwa sababu koo la Solo liliuma siku ile. Mvumo wa kaseti hiyo nimeupima leo asubuhi. Uko 51. Baada ya kusahihisha, ni F.

Kwa mwezi ujao zimebaki zile mbili zenye ukungu. Nimezitenga kwenye boksi kavu lenye mchele mkavu chini yake, na fundi redio ananitafutia deki mbovu yenye hedi nzima ya kuzichezea, ili hii nzuri isichafuke. Moja imeandikwa kwa kalamu ya Besi: "mahafali".